Jibu la waziri lisilo na tarehe ni hasara kwa mkulima

KILA siku Bunge linapokutana jijini Dodoma, shughuli za asubuhi hufunguliwa kwa dua, na muda mfupi baadaye huanza kipindi cha maswali. Mbunge husimama na kuomba swali lake lipatiwe majibu. Waziri, au mara nyingi zaidi naibu wake, husogea kwenye kipaza sauti na kujibu "kama ifuatavyo". Kwa mkulima wa Songea, Kahama au Masasi anayefuatilia kwa redio au simu, hiyo ni nafasi adimu ya kusikia tatizo la kata yake likitajwa mbele ya Serikali.

Nafasi hiyo si hisani ya mtu. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inatamka kuwa Bunge laweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kwa maneno mengine, waziri anapojibu hamjibu mbunge peke yake. Anamjibu mwenye shamba, mwenye duka la pembejeo na mwenye ghala.

Tatizo ni aina ya majibu yanayotolewa. Wanaofuatilia kipindi hicho wanayajua kwa moyo. Mchakato unaendelea. Serikali iko mbioni. Kazi itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Mheshimiwa Mbunge awe na subira. Waziri yuko tayari kuongozana na Mheshimiwa Mbunge baada ya Bunge ili akajionee mwenyewe. Majibu haya huenda yasiwe ya uongo, lakini mkulima hawezi kuyatumia. Haimsaidii kuamua kama akope sasa au asubiri, kama anunue mbolea kwa bei ya leo au angoje ruzuku, kama auze mahindi Julai au ayahifadhi hadi Desemba.

Kilimo ni biashara ya tarehe. Kwa hiyo jibu la Serikali lina thamani kwa mkulima pale tu linapobeba mambo matatu: tarehe ya utekelezaji, kiasi cha fedha au cha mzigo, na ofisi itakayowajibika. Likikosa hayo, ni gharama, na gharama hiyo hailipwi na waziri wala mbunge.

Deni la mawakala wa pembejeo

Mfano ulio wazi ni ule wa mawakala wa pembejeo. Kuanzia msimu wa 2008/2009 Serikali iliendesha mpango wa ruzuku kwa vocha. Mkulima alipewa vocha ya mbolea na mbegu, akaongeza fedha zake kidogo, na wakala akampa mzigo. Kisha wakala alipeleka vocha ili alipwe sehemu ya Serikali. Utaratibu ulibadilikabadilika kati ya msimu na msimu, lakini msingi wake ulibaki uleule: mfanyabiashara atoe mzigo kwanza, Serikali ilipe baadaye.

Kwa misimu ya 2014/2015 na 2015/2016 malipo hayo yalikwama. Wabunge kutoka mikoa mbalimbali waliuliza, wakauliza tena, lini mawakala watalipwa. Jibu lililorudi mara kwa mara ni kwamba uhakiki unaendelea, kwa kuwa kulikuwa na madai yaliyotiliwa shaka. Hoja ya uhakiki ilikuwa na msingi. Mpango wa vocha ulikuwa na udanganyifu, na fedha za umma hazilipwi kwa karatasi yoyote inayoletwa mezani. Hata hivyo, uhakiki usio na tarehe ya mwisho uliwaweka waaminifu na wadanganyifu kwenye foleni moja.

Gharama yake inaweza kupigiwa hesabu na mtu yeyote. Chukua wakala mdogo aliyekopa shilingi milioni 10 benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ili anunue mbolea ya kusambaza. Kila mwaka unaopita bila malipo unamgharimu shilingi milioni 1.8 za riba. Miaka mitatu ya "uhakiki unaendelea" ni shilingi milioni 5.4, zaidi ya nusu ya mtaji, hata kabla ya kuhesabu adhabu za kuchelewesha marejesho. Mtaji wa duka la pembejeo la tarafani huliwa hivyo, na duka likifungwa mkulima anayelitegemea hulazimika kupanda basi kwenda mjini kufuata mfuko mmoja wa mbolea.

Kama jibu la kwanza lingesema kuwa uhakiki utakamilika tarehe fulani, kwamba madai yasiyo na utata yatalipwa kwanza, na kwamba atakayekataliwa ataandikiwa sababu, wakala angekwenda benki na jibu hilo mkononi akaomba kupanga upya mkopo wake. Benki haiwezi kufanya lolote na neno "mchakato".

Neno hilohilo, uhakiki, lilirudi katika zao la korosho. Novemba 2018, baada ya mvutano wa bei mnadani, Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Bei ilikuwa nzuri na ilitajwa kwa tarakimu. Kilichokosekana ni ratiba ya malipo. Vikosi vya uhakiki vilipita vijijini kutafuta korosho za kangomba, yaani zile zilizonunuliwa kwa magendo kutoka kwa wakulima wenye shida. Wakati huo wapo wakulima waliosubiri miezi kadhaa huku msimu wa kupalilia na kupulizia dawa mikorosho ukikaribia. Bei bila tarehe ya malipo ni nusu ya bei.

Kutengwa si kutolewa

Jibu jingine ambalo wakulima hulipokea kwa makofi ni lile linalosema fedha zimetengwa. Hapa inafaa kuwa makini. Fedha kutengwa ni hatua ya kwanza tu. Bunge hupitisha bajeti kabla ya Juni 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Baada ya hapo Hazina inapaswa kuzitoa, wizara au halmashauri izipokee, zabuni itangazwe, mkataba usainiwe, na ndipo mkandarasi au msambazaji aanze kazi. Fedha zinaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo.

Ni kweli kwamba bajeti ya kilimo imekua. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/2022 hadi bilioni 954 mwaka 2022/2023. Hilo ni ongezeko la zaidi ya mara tatu, na wanaolipongeza wana haki. Lakini kwa mkulima anayesubiri skimu ya umwagiliaji, tarakimu inayomhusu ni ile iliyofika kwenye skimu yake. Mbunge anayejua kazi yake hataridhika na "zimetengwa". Atauliza katika swali la nyongeza: hadi Machi 31, kati ya fedha zilizotengwa kwa mradi huu, zimetolewa kiasi gani na zimetumika kiasi gani?

Swali la namna hiyo lina mahali pa kulinganishwa. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akague hesabu za umma, na ripoti zake huwasilishwa bungeni kila mwaka. Wakulima na wafanyabiashara wachache huzisoma, kwa kudhani ni za wahasibu. Kumbe humo ndimo jibu la waziri linapopimwa kwa hesabu. Aliyeambiwa Aprili kwamba mradi unaendelea vizuri anaweza kukuta katika ripoti ya mwaka unaofuata kwamba mkandarasi aliondoka kwa kutolipwa.

Neno la waziri hugeuka bei

Wapo wanaosema kuwa haya ni maneno tu, na kwamba soko halisikilizi Bunge. Soko la nafaka linasikiliza sana. Katikati ya mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje kwa hoja ya usalama wa chakula, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walikuwa wanavuna. Wanunuzi waliotegemea masoko ya nje walijiondoa na bei shambani ikaanguka. Mwenye ghala aliyekuwa amejaza mzigo kwa mkopo alibaki na mahindi yanayobunguliwa na deni linalokua.

Serikali ina wajibu wa kulinda chakula cha wananchi, na hakuna mkulima mwenye busara anayepinga hilo. Kinachodaiwa ni kauli yenye mipaka. Waziri akiulizwa kuhusu vibali vya kuuza nje, ataje ni nyaraka zipi zinatakiwa, zinatolewa na ofisi ipi, kwa siku ngapi, na utaratibu utaanza kutumika lini. Mfanyabiashara wa lori moja akijua hayo kabla ya kununua, atanunua kwa bei inayoeleweka. Asipojua, atajikinga kwa kumpunja mkulima, kwa sababu hatari yote ya kukwama mpakani huikata kwenye bei ya shambani.

Kauli iliyo wazi huleta faida ya kweli, na mfano wake upo. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2017, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Philip Mpango, alitangaza kupunguzwa kwa ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kwamba anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru. Uamuzi huo ulikuja baada ya miaka mingi ya wabunge kulalamikia utitiri wa tozo katika kilimo. Mwenye gunia saba za maharage alijua pa kusimama alipofika kwenye kizuizi cha ushuru. Hakuambiwa kuwa suala lake linafanyiwa kazi. Alitajiwa asilimia, uzito na siku ya kuanza.

Vivyo hivyo kwa mbolea. Agosti 8, 2022, katika kilele cha Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku iliyoshusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea, uliokuwa umevuka shilingi 100,000, hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejisajili. Kulikuwa na malalamiko ya usajili, umbali wa vituo na foleni. Lakini kwa kuwa bei na masharti vilitajwa, mkulima alijua anachodai na mbunge alijua anachouliza. Aliyetozwa zaidi ya bei hiyo alikuwa na hoja ya kupeleka mbele.

Swali nalo lina kasoro

Lawama zote zisibebeshwe mawaziri. Jibu hufuata swali, na maswali mengi ya kilimo huulizwa kwa upana usiokamatika. "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wakulima wa mahindi?" Swali kama hilo ni zawadi kwa naibu waziri. Atasoma kurasa mbili za mipango, mikakati na programu, na dakika zitakwisha.

Linganisha na swali hili: "Je, ni tani ngapi za mbolea ya kupandia zitakuwa zimefika katika vituo vya wilaya yetu kabla ya Oktoba 31, na ni kata zipi ambazo hazina wakala?" Hapo hakuna pa kukwepea. Tena swali la msingi huwasilishwa kwa maandishi kabla ya siku ya kujibiwa, hivyo wizara inakuwa na muda wa kutafuta takwimu. Waziri anaweza kusamehewa kwa kutokuwa na takwimu za swali la nyongeza. Kwa swali la msingi hana udhuru.

Kasoro ya pili ni kupeleka swali pasipostahili. Shida moja ya mkulima huwa imegawanyika kwenye ofisi tatu au nne. Mbegu na mbolea ni za Wizara ya Kilimo. Barabara ya kijijini ni ya TARURA, iliyo chini ya TAMISEMI, wakati barabara kuu ni ya TANROADS. Ushuru wa mazao hukusanywa na halmashauri. Ucheleweshaji wa fedha mara nyingi chanzo chake ni Hazina. Mbunge akimuuliza Waziri wa Kilimo kuhusu daraja, ataambiwa kwa adabu kwamba ushauri umepokelewa. Na yapo maswali ambayo hayahitaji kufika Dodoma kabisa. Kizuizi cha ushuru au choo cha soko ni mambo ya baraza la madiwani, na diwani anaishi jirani na mwulizaji.

Kasoro ya tatu ni wakati. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kupanda huanza kati ya Novemba na Desemba. Swali la mbolea ya kupandia linalojibiwa Februari linajibiwa wakati mahindi yamefika magotini. Swali hilo linatakiwa kuulizwa katika mkutano wa bajeti kati ya Aprili na Juni, likarudiwa Agosti au Septemba kupima utekelezaji. Kwa wanaotegemea masika kaskazini na pwani, kalenda ni nyingine, na wabunge wao wanapaswa kuijua.

Kifanyike nini

Waswahili husema ahadi ni deni. Deni lolote lina daftari, na daftari la Bunge lipo: ni Taarifa Rasmi ya majadiliano, maarufu kama Hansard, ambayo huchapishwa kwa Kiswahili na kupatikana kwa wananchi. Kila jibu limo humo pamoja na siku lilipotolewa. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua daftari na kudai.

Mabunge mengine yamelifanyia kazi jambo hili. Lok Sabha, bunge la chini la India, lina kamati ya ahadi za serikali tangu mwaka 1953, na ahadi inayotolewa na waziri inatakiwa kutekelezwa ndani ya miezi mitatu, la sivyo aombe kuongezewa muda. Uganda nayo ina kamati ya bunge inayofuatilia ahadi za Serikali na utekelezaji wake, na Bunge la Taifa la Kenya lina kamati ya utekelezaji wa maazimio. Bunge la Tanzania lina kamati za kisekta, pamoja na PAC na LAAC zinazosimamia hesabu za Serikali Kuu na za serikali za mitaa. Ingefaa ahadi zinazotolewa wakati wa maswali ziwekwe kwenye rejesta iliyo wazi kwa umma, yenye safu nne: ahadi, tarehe, kiasi na ofisi. Kila mkutano wa Bunge uanze kwa taarifa fupi ya zilizotekelezwa na zilizolala. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo kuliko semina moja ya siku mbili.

Wapo watakaosema kuwa waziri hawezi kutaja tarehe kwa kuwa mapato ya Serikali hayatabiriki. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini mkulima naye hajui mvua itanyesha lini, na bado hupanga. Waziri asiye na uhakika wa fedha anaweza kusema wazi kuwa mradi huu ni wa tatu katika orodha, na kwamba usipopata fedha kufikia Desemba utahamia bajeti ijayo. Jibu hilo litamkera mbunge siku hiyo, lakini litamwezesha mkulima kuamua. Kukataliwa mapema ni nafuu kuliko kuahidiwa milele, kwa maana ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wakulima na wafanyabiashara nao wana sehemu yao. AMCOS, vikundi na vyama vya wafanyabiashara viache kumpokea mbunge kwa risala ya shida kumi na tano. Vimpe swali moja lililopimwa, lenye takwimu za eneo husika, miezi miwili kabla ya mkutano wa Bunge. Baada ya jibu, katibu wa chama alinakili na kulisoma kwenye mkutano mkuu, na tarehe iliyotajwa ikifika amwandikie mkurugenzi wa halmashauri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi nafasi ya kuomba taarifa kwa maandishi kutoka kwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua yenye namba ya swali na tarehe ya Bunge ni vigumu kuipuuza.

Hilo ni muhimu zaidi katika Bunge ambalo viti vya upinzani ni vichache. Waziri hatabanwa sana na chama pinzani, na mbunge wa chama tawala ana sababu nyingi za kushukuru na kuketi. Atakayemfanya asimame tena kwa swali la nyongeza ni mpiga kura aliyelinakili jibu la kwanza. Mbunge akijua kuwa huko kijijini kuna daftari, hatauliza ili asikike tu. Waziri naye akijua hivyo, atatafuta tarehe kabla ya kusogea kwenye kipaza sauti.